Mngoni wa Chumba cha Uani

Mume wangu ndiye aliyeniletea habari kwamba Dar es Salaam hata maskini anaishi. Alikuwa ametangulia peke yake, akapata kazi ya kushona viti vya magari kwenye karakana moja ya Gerezani, na aliporudi kwetu Nkhotakota, ng'ambo ya ziwa, kunichukua hakuwa na zawadi za maana. Alikuwa na maneno tu. Chumba cha kupanga rahisi. Hospitali bure. Samaki wa bahari, alisema, unapewa mkubwa kwa bei ambayo hapa ziwani unafungiwa dagaa wa kuonja. Nazi, ndizi, maembe, vyote vya kumwaga. Na joto la kule ni la kutosha, hata nguo za baridi hununui, kwa hiyo hapo napo umeokoa kitu. Mume wangu alikuwa mtu wa hesabu za namna hiyo.

Sikumwamini, nikafunga mablanketi mawili.

"Na karatasi za kuingilia?" nilimuuliza.

"Karatasi tutazishughulikia tukifika."

Tulivuka mto Songwe asubuhi kwa mtumbwi, katikati ya akina mama waliokuwa wakienda gulioni upande wa pili, mimi nikiwa nimepakata kikapu cha mchele cha mtu mwingine ili nifanane nao. Hakuna aliyetuuliza kitu. Kutoka hapo tukaenda Mbeya, kutoka Mbeya tukapanda treni, nchi ikawa inateremka na joto linapanda mpaka nikavua kitambaa cha kichwa mbele za watu. Tulipofika hatukushughulikia karatasi yoyote. Mume wangu alisema tungoje kwanza nizoee mji. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba naye alikuwa anaogopa, kwa sababu kwenda ofisini kuomba kibali ni kwenda kusema kwa kinywa chako mwenyewe kwamba huna.

Kiswahili nilikuwa nacho. Nkhotakota ni mji wa wafanyabiashara wa zamani, na bibi yangu mzaa mama alikisema mpaka usingizini. Baba yangu alikuwa Mngoni, wale Wangoni wa upande wetu wa ziwa. Basi mume wangu akanifundisha jambo moja tukiwa bado kwenye treni.

"Ukiulizwa kabila, sema Mngoni. Wangoni wamejaa Songea, na Songea ni Tanzania. Hutakuwa umesema uongo."

Katika yote aliyonifundisha, hilo ndilo lililokaribia kuniua.

Tulipanga Kariakoo, mitaa ya nyuma ya soko, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na korido katikati, na banda la vyumba viwili uani. Chumba chetu kilikuwa hukohuko uani, karibu na choo, ndiyo maana kilikuwa rahisi. Chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barazani, alikaa mama mmoja wa Kimwera kutoka upande wa Lindi, mjane, mpana wa mabega, muuza korosho. Sauti yake ilikuwa ya kuitia watu kutoka ng'ambo ya barabara, na hakuwa na nyingine ya kutumia ndani ya nyumba.

Siku ya kwanza nilikuwa nimebandika samaki uani, na nilipotoka kuwaangalia nilimkuta akikaanga. Nikapiga goti kidogo, kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kabila gani?"

"Mngoni."

Aliweka mwiko chini. Akanitazama kuanzia unyayo mpaka utosi, kisha akawageukia wenzake waliokuwa wakifua. "Jamani njooni mwone. Mtumwa wangu aliyetoroka huyu hapa, amejileta mwenyewe. Na ananiamkia." Akasogea kwenye jiko langu, akafunua sufuria, akachukua kipande kikubwa cha samaki, akala amesimama. "Huyu si mtu wa hapa," akasema huku anatafuna. "Ametoroka huko kwao. Kesho nampeleka kwa balozi arudishwe."

Uani wote ukacheka. Mimi nikakaa kwenye ndoo.

Msomaji wa Tanzania hapo ameshaelewa, na pengine anacheka. Mimi nilikuwa sielewi. Leo najua kwamba Wangoni wa Songea waliwavamia Wamwera zamani za babu, vita ikaisha, ukabaki utani. Mtani anakutukana, anachukua kitu chako bila kuomba, anakwambia wewe mtumwa wake, na wewe hukasiriki, unamrudishia makali kuliko yake. Msibani ndiyo kabisa, mtani ana kazi yake. Kwetu ng'ambo ya ziwa tulitaniana na mabinamu na babu zetu, hao tu. Sikuwahi kusikia kwamba mtu mzima usiyemjua anaweza kukuita mtumwa kwa sababu ya kabila ukatakiwa ucheke. Nilisikia maneno yake kama yalivyo. Na ubaya wake ni kwamba yalikuwa kweli. Sikuwa mtu wa hapa, na balozi alikuwepo.

Balozi wa nyumba kumi, wale wa chama. Mgeni akilala kwako, balozi aambiwe. Sukari ikifika duka la ushirika, balozi ndiye anayejua nani apewe. Wa kwetu alikuwa mzee mstaafu wa reli, mkimya, mwenye kikohozi kikavu kilichotangulia mbele yake mtaani. Mume wangu alikuwa amemwambia kwamba mimi nimetoka Songea, naye akaitikia kwa kichwa. Nilipokisikia kikohozi koridoni nilichukua ndoo nikaingia bafuni. Nilikaa humo nikimwaga maji kidogokidogo mpaka kikohozi kitoke. Nadhani nilikuwa mwanamke msafi kuliko wote Kariakoo.

Yule mama hakuacha. Asubuhi akinikuta bombani: "Bado hujarudishwa kwenu?" Jioni nikipika: "Pika haraka, mgambo wanakuja kukuchukua, nibakizie mboga." Siku moja balozi mwenyewe alikuwa amekaa barazani anakunywa kahawa, nami ndiyo naingia kutoka sokoni na kapu langu. Mama akanishika mkono. "Balozi, huyu mwanamke hana karatasi hata moja. Mtazame macho yake. Hivi wewe kazi yako nini?" Balozi akacheka mpaka akakohoa. Nilitoa meno nikidhani ndiyo kucheka, nikapita.

Nilimwambia mume wangu. Nilitaka aniambie ni mzaha. Lakini naye alikuwa mtu wa ng'ambo, mwaka wake wa kwanza alikaa Buguruni na vijana wa kwetu watupu, na hakuwahi kukaa na Mmwera. Alikaa kitandani akikunja na kukunjua tepu yake ya kupimia.

"Labda kuna mtu amemwambia," akasema mwishowe. "Usimjibu. Ukimjibu utajikwaa."

Basi sikumjibu, nikazidi kuharibu mambo. Kumbe mtani asiyejibu anashangaza kuliko mtani mkali. Wapangaji walisema huyu Mngoni ana haya sana, mbona Wangoni tunaowajua si hivi. Nilisikia wakisema hivyo, na lile neno mbona likanikaa tumboni kama ugali mbichi.

Kisha ikaja misako. Ilikuwa imetoka amri kwamba mjini wabaki wenye kazi, na wasio na kazi wakalime. Mgambo walisimama kwenye njia panda wakiuliza kitambulisho. Niliona kwa macho yangu, barabara ya Msimbazi, mchana kweupe, mama mmoja akipandishwa lori na ungo wake wa nyanya. Hakupiga kelele. Aliomba tu mtu amchukulie zile nyanya ampelekee mwanawe, akataja mtaa, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono kupokea. Mimi mmojawapo. Nilirudi nyumbani nikitembea polepole ili nisionekane nakimbia, na tangu siku hiyo sikwenda sokoni tena. Mume wangu akawa anapitia Kivukoni akitoka kazini analeta samaki. Wale samaki rahisi aliowasifu walikuwepo kweli, hilo sikumnyima, ila nilikuwa nawala bila kusikia ladha.

Nilifunga bunda. Kanga zangu, sufuria ndogo, na yale mablanketi. Nikaliweka nyuma ya mlango. Niliwaza hivi: wakija kunichukua, angalau nisiondoke mikono mitupu kama mama wa nyanya. Siku nyingine niliomba waje tu, tumalizane.

Mwezi ule mama yake yule mama Mmwera aliletwa kutoka Lindi kwa matibabu. Alikuwa kikongwe mwepesi, amelala chumba cha mbele, na bintiye alipokuwa naye sauti ilishuka nikaisikia kwa mara ya kwanza sauti yake nyingine. Nilikuwa nampikia yule kikongwe uji, naupeleka, natoka haraka. Hakukaa sana. Alfajiri moja tulisikia kilio koridoni, tukajua.

Nilifanya kazi kama wengine. Nilichota maji, nikaosha masufuria makubwa ya kukodi, nikachambua mchele. Lakini jua lilipopanda wanaume wakajaa barazani, na katikati yao balozi, kwa kuwa msiba wa mtaa ni wake pia, na nyuma yake nikaona vijana wawili wa mgambo waliokuja kumsaidia kupanga viti. Sikujua kwamba ni viti. Niliona zile nguo tu. Nikaacha mchele, nikaingia chumbani, nikafunga komeo.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo mlangoni, niliposikia sauti ya yule mama kutoka mbele, imekauka kwa kulia lakini kubwa vilevile.

"Mngoni yuko wapi? Mleteni Mngoni hapa. Mama yangu hatoki mpaka Mngoni aje."

Na sauti za wanaume zikapokea. "Kweli, Mngoni aletwe." Halafu kikohozi.

Watu wawili walikuja wakapiga mlango. "Wewe Mngoni, toka. Unaitwa mbele. Balozi anakusubiri."

Leo najua walikuwa wananiita kwenye kazi yangu. Mwili hautoki bila mtani kusema neno, kuziba njia, kuwachekesha wafiwa kidogo ili waweze kuubeba. Walikuwa wametafuta Mngoni mwingine mtaani wasipate. Mimi niliyekuwa nyuma ya mlango nilielewa jambo moja tu, kwamba siku imefika. Na nitasema ukweli, nilihisi nafuu ya ajabu, halafu hofu ikarudi yote mara moja.

Nikajitwisha bunda. Nikafungua mlango, nikapita katikati ya wanawake uani, nikaingia korido. Jeneza lilikuwa limewekwa pale mlangoni pa chumba cha mbele, na yule mama amesimama pembeni yake, kanga imemdondoka begani. Wanaume waligeuka wote. Miongoni mwao nilimwona mume wangu, ameomba ruhusa kazini aje kuzika, na nilipoona uso wake ulivyobadilika kwa kuliona bunda, machozi yakanitoka.

Sikungoja kuulizwa. Nilimtazama balozi, nikasema:

"Haya, nimekuja. Nipelekeni. Ni kweli anayosema huyu mama, mimi si mtu wa hapa. Nilivuka mto bila kibali. Sina karatasi hata moja. Nirudisheni kwetu, ila msinipige."

Kisha balozi akaanza. Alicheka, akashika ukuta, akakohoa, akacheka tena. Baada yake wote. Wale vijana wa mgambo walicheka. Wazee waliokuwa na tasbihi mikononi waliinama wakicheka. Mtu mmoja akasema, "Na mablanketi kabeba," wakaanza upya. Nyuma yangu wanawake walikuwa wanapiga makofi na kulia na kucheka pamoja. "Tangu lini hatujaona mtani wa hivi," nilimsikia mmoja. "Alikuwa ametunyamazia, kumbe anajiwekea."

Nilisimama pale na bunda kichwani. Nilikuwa nimesema yote, mbele ya balozi na mgambo, na hakuna aliyenisikia. Kwa upande wa pili mume wangu naye alianza kucheka, kicheko ambacho sijakisikia kwake kabla wala baada, cha juu mno, macho yamemtoka. Alikuwa anacheka ili wasiache.

Yule mama peke yake hakucheka. Alikuwa karibu yangu kuliko wote, na alikuwa ameona jinsi magoti yangu yanavyogonga. Alinitazama usoni. Halafu akalivuta bunda kutoka kichwani mwangu, akaliweka sakafuni, akalikalia, pale pale mbele ya jeneza la mama yake.

"Mtumwa wangu haendi popote," akasema kwa ile sauti yake kubwa. "Bebeni mama yangu, mtapita pembeni."

Wakabeba, wakapita, bado wanafuta macho. Nilibaki koridoni na yeye. Hakuinuka juu ya lile bunda mpaka sauti za waliobeba zilipokuwa zimeishia mbali.

Siku zilizofuata za matanga hazikuwa na utani hata chembe. Nikimpelekea chai anapokea, anashukuru. Nikipita anainamisha kichwa. Wapangaji walidhani ni majonzi. Mimi nilijua amejua, na hofu yangu ya mwanzo ikaonekana mchezo wa watoto. Mtu anayekutukana kila asubuhi unajua yuko wapi. Huyu aliyenyamaza sikujua anawaza nini. Mume wangu aliacha kula. Alisema twende Buguruni, kisha akasema huko nako kuna balozi.

Matanga yalipoanuliwa yule mama aliniita chumba cha mbele. Akafunga mlango, akafunga na dirisha, pamoja na joto lile. Godoro la kikongwe lilikuwa limeshaondolewa, sakafu pale ilikuwa na rangi tofauti. Alikaa kwenye kigoda, mimi nikakaa chini.

"Mto gani?" akaniuliza. Alitumia ile sauti yake ya chini.

Sikuweza kudanganya, ningedanganya nini. "Songwe, mama."

"Songwe ya Kyela."

"Ndiyo."

Alijipangusa viganja kwenye kanga. "Mimi nilikuwa nakutania tu," akasema. "Tangu ile siku ya samaki. Sikujua kitu. Nilidhani una maringo ndiyo maana hunijibu." Akahesabu kitu kichwani, nikamwona anavyohesabu: barazani, bombani, jikoni, mbele ya balozi, mbele ya mgambo. Uso wake ukaingiwa na hofu, na ilikuwa hofu yangu ileile, niliitambua. "Mungu wangu. Si ningekuua mimi."

Nilimwomba asiseme. Nilimshika miguu. Akaitoa mikono yangu taratibu.

"Nisikilize. Safari hii wamecheka. Ukisema tena hawatacheka. Na mimi nikiacha kukutania, watu wa nyumba hii si wajinga, wataanza kujiuliza kumetokea nini kati ya Mmwera na Mngoni. Kwa hiyo kesho nitakutukana kama kawaida, na wewe utanijibu. Unajua kutukana?"

"Hapana, mama."

"Mngoni gani hajui." Akasogeza kigoda. "Sema Wamwera mnakula ming'oko, mizizi ya porini, kwa kuwa sisi Wangoni tuliwafukuza mashambani. Sema mnakula panya. Sema."

Nilisema, kwa kunong'ona, nikimtazama miguu. Akanirekebisha. Akanipa jingine, nikalisema. Alikuwa ananifundisha kumtukana katika chumba alichofia mama yake, kwa uso mkavu, na kila nilipokwama alilirudia neno mpaka nilishike.

Ndipo tukasikia kikohozi. Kilipita barazani, chini ya dirisha lile, kikaingia korido. Balozi alikuwa amekuja kuwapa wapangaji habari za sukari, na miguu yake ikasimama nje ya mlango. "Mfiwa yupo?" akauliza. "Mbona mmejifungia?"

Nilianza kuinuka, sijui kwenda wapi, chumba hakikuwa na bafu. Yule mama alinikamata mkono akanivuta chini.

"Sasa," akaninong'oneza. "Nitukane. Mtaje mama yangu."

"Siwezi, mama. Ana siku chache tu kaburini."

"Mtani haogopi maiti. Sema, mwanangu, kwa sauti."

Nikafumba macho. Nikapaza sauti mpaka ikapasuka, nikasema amejifungia anakula panya peke yake, na mama yake alikufa kwa uroho huohuo, mfupa wa panya ulimkaba. Nje balozi akaangua kicheko, uani nako wakakipokea. Kikohozi kikaanza kuondoka, kikaelekea nyuma. Nilipofumbua macho alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, analia, na kwa mkono wa pili bado ananipungia niendelee.